Nilivyoishusha prolaktini bila kusafisha kizazi

Hedhi yangu ilipokata na matiti yakaanza kutoa matone ya maziwa, ilhali kipimo kilionyesha kwamba sina mimba, kila aliyepata habari aligeuka tabibu. Wapo walioniambia nisafishe kizazi, na wapo walioapa kwamba mirija imeziba, lakini ushauri unaonikera hadi leo ni wa wifi yangu, aliyesisitiza niyakamue matiti kila jioni mpaka maziwa yaishe. Nilikamua kwa bidii ya mfugaji, na maziwa yakazidi. Daktari bingwa wa homoni alicheka kwanza, ndipo akanieleza kwamba chuchu ikichokozwa, mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni, dopamini, kemikali ya ubongo inayoizuia tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, hupungua, na tezi hiyo humwaga zaidi prolaktini, homoni inayoyaamuru matiti kutengeneza maziwa. Kumbe kila jioni nilikuwa nikiiagiza homoni ile ile niliyotaka kuifukuza!

Kizazi changu hakikuwa na kosa lolote. Prolaktini ikizidi, hudhoofisha amri ambayo ubongo huipa pituitari ya kutoa homoni za FSH na LH, na zikipungua hizo mbili, yai halipevuki wala hedhi haiji. Ndiyo maana mama anayenyonyesha mara kwa mara huchelewa kuona siku zake. Wanaume nao hawakusalimika, kwani testosteroni yao hushuka na hamu ya tendo la ndoa ikafifia.

Damu ya kipimo cha kwanza ilichukuliwa nikiwa bado nahema kwa kupanda ngazi, na majibu yakatisha. Daktari hakuyaamini, kwa kuwa hekaheka na hofu huipandisha prolaktini, kama usingizi unavyoipandisha. Mara ya pili nilikwenda saa kadhaa baada ya kuamka, nikaketi, na kila nilipoitwa nikaomba wenzangu watangulie mpaka moyo utulie, huku mhudumu wa maabara akininunia waziwazi. Kiwango kilishuka, ila bado kilikuwa mbali juu ya nanogramu 25 kwa mililita, ambazo ni takriban kikomo cha kawaida kwa mwanamke asiye mjamzito.

Nilikuwa nimebeba mfukoni dawa zangu zote, na nawasihi wengine wafanye hivyo, maana metoklopramidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za maradhi ya akili huipandisha homoni hii. Zangu hazikuwa na hatia, na tezi ya shingo, ambayo ikilegea nayo huipandisha prolaktini, ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Picha ya MRI, iliyomeza karibu akiba yangu yote, ikaonyesha kwenye pituitari uvimbe usiofika milimita 10, usio saratani.

Niliandikiwa kabergolini, dawa ya kushusha prolaktini, nusu kidonge mara mbili kwa wiki. Dozi ya kwanza niliimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, na siku nzima chumba kikazunguka. Tangu hapo nikawa naimeza baada ya chakula cha usiku, nalala nayo, na kichefuchefu kinapita nikiwa usingizini. Maziwa yakakauka, hedhi ikarejea. Asiyetaka mimba ajikinge tangu mwanzo wa dawa, kwani yai laweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijaonekana.

Mimi niliitaka, nikaipata, na daktari akanisimamishia dawa. Wifi sasa ananihimiza nipime tena prolaktini, nami nimekataa, kwa sababu katika ujauzito homoni hiyo hupanda kwa kila mwanamke na kipimo hakitaniambia lolote.