Siku moja na sindano zangu, Nakuru

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Julai ya Nakuru ina baridi kali. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Nachemsha chai, naandaa watoto wa shule, nawahi matatu ya kutoka Free Area.

Saa mbili niko kibandani karibu na soko la Wakulima. Wapita njia huniona nimeketi na uzi mapajani wakadhani napumzika. Hii ni kazi. Nafuma vitambaa vya kuoshea vyombo na vya kushikia sufuria, vitu ambavyo watu humpelekea bibi harusi au mama aliyejifungua. Cha vyombo naanzia kwenye kona moja kwa vitanzi vinne vya uzi kwenye sindano, naongeza kimoja kila mstari hadi vifike arobaini na kitu, kisha napunguza mpaka nirudi vinne. Ni mraba wa sentimita 25 hivi, na unanimalizia saa mbili na nusu za kuinamisha shingo.

Saa nne akaja dada mmoja.

"Mama, dada yangu anaolewa Njoro Jumamosi. Nataka vinne vya vyombo na viwili vya sufuria. Zambarau, huu unaong'aa." Alikuwa ameshika uzi wa akriliki. Leo ni Jumatano.

Nikamwambia vya vyombo naweza, ila havitanyonya maji vizuri. Vya sufuria, hapana. Akriliki ni plastiki. Sufuria ikiwa ya moto sana uzi unayeyuka na kumgandia mtu mkononi. Vya sufuria hufumwa kwa pamba, tena tabaka mbili.

"Si ni zawadi tu? Watu wataangalia rangi."

"Wageni wataangalia rangi. Dada yako ndiye atakayeshika sufuria."

Akahamia kwenye bei. Mia tatu kwa kitambaa, na sponji dukani ni hamsini? Nikamwonyesha changu cha nyumbani, kimechemshwa mara nyingi na bado kimekaza. Akampigia shangazi yake, akaweka spika, shangazi akauliza kama sina mashine. Mama mwingine aliyekuja kutafuta shali alisubiri, akachoka, akaenda zake. Hilo liliniuma kuliko hamsini za sponji. Dada akazunguka soko zima, akarudi karibu saa saba: basi pamba nyeupe, mstari wa bluu, vyote. Akaacha elfu moja ya kuanzia. Ugali wangu ulikuwa umepoa.

Mchana wote uliobaki ni vitanzi. Mvua ilinyesha, mtu akaomba kujikinga, mwingine akauliza bei akapita. Kidole gumba kinauma, macho yanawasha, na nikisimama mgongo unachelewa kunyooka. Kwenye matatu nilifuma bila kutazama.

Usiku, watoto wakishalala, namalizia mikia ya uzi ya kitambaa cha pili. Naipitisha ndani ya mishono, naigeuza, naipitisha tena. Hakuna atakayeiona, lakini kitambaa cha vyombo kinakamuliwa kila siku, na mkia mfupi ukichomoka kazi yote inafumuka. Bibi harusi wa Njoro simjui, ila hiki hakitamfumukia. Cha tatu nitaanza alfajiri. Bega limekataa.