Siku yangu Nyumba ya Mungu

Jumapili, saa 10:40 alfajiri, Pasua, Moshi. Mama Neema wa chumba cha pili anachota maji. "Baba, misa ya kwanza mapema hivi?" Namjibu naenda Nyumba ya Mungu. Sijadanganya, ni bwawa la umeme.

Saa 11:15. Gari la zamu, barabara ya Dar, kisha tunakata kulia. Nasinzia.

Saa 1:00. Makabidhiano. Mwenzangu wa usiku, macho mekundu, ananisomea daftari: mashine namba moja iko kwenye gridi, namba mbili imepumzishwa. Mtambo huu wa TANESCO ulianza kazi 1968. Mashine mbili, kila moja megawati 4. Wapo wanaotucheka, maana mashine moja tu ya Bwawa la Nyerere ni megawati 235. Wacheke. Mashine yetu moja ikijaza inatoa uniti 4,000 kwa saa. Luku yangu ya mwezi mzima, uniti 100 hivi, inatoka hapa kwa dakika moja na nusu.

Saa 3:00. Mzunguko: joto la beringi, presha ya mafuta, kina cha maji. Geji zipo, lakini bado naweka kiganja kwenye beringi kama mzee aliyenifundisha kazi. Mtetemo ukiwa mwembamba, kama paka anayekoroma, hakuna neno. Ukianza kudundadunda, usisubiri geji.

Saa 5:00. Nasoma kina tena. Watu hudhani kiasi cha umeme tunakipanga sisi. Kwanza waulize maji. Mto Kikuletwa unaleta ya Meru na Kilimanjaro, Mto Ruvu ya upande wa Ziwa Jipe. Ndiyo maana mvua ikinyesha Arusha mimi huku nafurahi. Na maji tunayoyaachia hayajamaliza kazi: yanateremka na Mto Pangani, yanazungusha mtambo wa Hale, megawati 21, halafu wa Pangani Mpya, 68. Maji yaleyale, umeme mara tatu.

Saa 7:00. Ugali na perege wa bwawani. Mwiba mmoja umenikwama, nimeumeza na tonge.

Saa 9:00. Nakabidhi daftari. Namba moja bado inanguruma.

Saa 12:30 jioni, Pasua. Giza. Tawi la mparachichi limeangukia waya mtaa wa nyuma. Mama Neema ameshika mshumaa mlangoni: "Baba, umetuzimia tena?"

Simu yangu ina asilimia 6.