Wanangu na mgomo wa Misri ya kale

Hadithi za kulala nyumbani kwetu zimefika mbali. Nimewatungia wanangu mtu na dada yake wanaorudi nyuma zaidi ya miaka 3,000 na kutua Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya mafarao, magharibi ya mto Nile. Kijiji hakikuwa na kisima, maji yaliletwa kwa punda. Basi wote wawili wakataka kazi ya punda!

Lakini kilichowashika wanangu hasa ni mgomo wa mafundi hao. Ulitokea kweli, mwaka wa 29 wa utawala wa farao Ramses III. Mafundi walilipwa ngano na shayiri, na posho ikachelewa. Wakaacha kazi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu la Thutmose III, wakilalamika njaa na kiu. Karani akayaandika yote kwenye karatasi ya mafunjo, na karatasi yenyewe ipo Turin, Italia, hadi leo.

Binti yangu akaniuliza, "Mama, na watoto wao walikula nini siku hizo?" Nimelipenda mno swali hilo. Kesho safari inaingia jikoni kwa fundi mmoja.

Mwenye visa vya kweli vya zama zile, hasa vya watu wa kawaida maana wafalme wameshasimuliwa vya kutosha, naomba aniandikie hapa.