Siku Moja Wilson: Kuitafuta Hewa Kwenye Breki ya Kushoto

Saa moja na nusu asubuhi. Matatu ya Rongai imenishusha Lang'ata Road, naingia uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa miguu. Kinachonisubiri ni ndege ya viti viwili ambayo mwenyewe, mzee mstaafu, ameiunda nyumbani. Pedali ya breki ya kushoto inazama. Ukiipiga-piga inakaza, ukiiacha kidogo inalegea tena. Hiyo ni hewa kwenye mafuta, sasa tuitafute ilipojificha.

Saa mbili. Napitisha kitambaa cheupe kwenye viungo vyote vya paipu, kuanzia gurudumuni hadi pedalini. Kikavu. Pedi bado nene, diski haina mikwaruzo. Mzee ananiambia, "Fundi, huyu kijana apitie Kirinyaga Road kwenye maduka ya vipuri vya magari atuletee mafuta ya breki?" Nakataa palepale. Mafuta ya breki za gari na haya mekundu ya ndege hayapatani kabisa. Oringi, yaani pete za mpira za kuzuia mafuta yasivuje, za mfumo huu zimetengenezewa mafuta ya madini. Ukizimwagia yale ya gari zinavimba na kulainika, kisha unafungua kila silinda kuosha na kubadilisha. Mzee anaelewa upesi, na kijana anayejifunza kazi ananukuu kwenye daftari.

Saa tatu. Tunatoa hewa kutoka chini kwenda juu. Hewa hupanda yenyewe, kwa hiyo ni afadhali kuisindikiza kuliko kuilazimisha ishuke. Nafunga mpira mwangavu kwenye nipeli, kitundu cha kutolea hewa, ya kalipa inayobana diski gurudumuni, nipeli ikiwa imeangalia juu, kisha nasukuma mafuta polepole kwa kopo la pampu. Kijana yuko juu anaangalia tangi dogo la mafuta ya breki.

Saa nne na nusu. Chai na mandazi. Kwenye tangi hakuna kilichopanda.

Saa tano. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nikisukuma, mkono unakutana na ukuta. Upande wa kulia mafuta yalipita vizuri, kwa hiyo tangi na tundu lake la kupumulia havina neno. Valvu ya breki ya kuegesha iko wazi. Ndege hii ina pedali kwa rubani na kwa abiria, na mafuta ya kila upande hupitia masta silinda mbili, zile zinazosukumwa na pedali, moja ya rubani na moja ya abiria, kabla ya kufika tangini. Pedali ya abiria ikibonyea hata kidogo, njia ya kurudi tangini hufungwa.

Najilaza chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni. Naiona: boliti ya pedali ya abiria imekazwa mno, kwa hiyo pedali hairudi nyuma yote. Fimbo ya silinda imebaki ndani kiasi cha unene wa shilingi. Nalegeza, naweka nati mpya ya kujifunga, naisukuma kwa kidole inarudi yenyewe. Tunapampu tena na kijana anapiga kelele, "Zinakuja!" Mapovu madogo, halafu moja kubwa, halafu mafuta mekundu matupu.

Namweleza mzee kwamba hilo lingeweza kumletea balaa zaidi ya pedali laini. Njia hiyo ikifungwa, mafuta yakipata joto hutanuka bila pa kwenda, na breki hujishika yenyewe. Nairobi iko juu, mita 1,600 na zaidi, hewa ni nyepesi, hivyo ndege hutua ikikimbia zaidi kuliko Mombasa. Breki za hapa hazipumziki.

Saa tisa. Injini inawashwa, mnara unaturuhusu, ndege inatembea taratibu. Pedali zote mbili ni ngumu, na inasimama bila kuvuta upande.

Saa kumi na nusu. Naandika kazi yote kwenye kitabu cha ndege, pamoja na ile boliti. Ndege hairuki leo. Ikilala, mapovu yaliyosalia hujikusanya juu, na kesho asubuhi nitaibonyeza pedali kabla mtu yeyote hajaigusa.