Leo 109 ya mzee imetikisika

Land Rover 109 ya marehemu baba imelala chini ya mwembe miaka 11. Injini imejamu kabisa.

Wiki iliyopita nilifungua plagi zote 4, nikamimina dizeli na oili ya hydroliki kwenye kila silinda, nikaiacha inywe. Kila jioni naenda kuichungulia utadhani nimelaza mgonjwa.

Leo tukajaza matairi upepo, tukaweka gia namba 4 ili magurudumu yazungushe injini, tukaanza kuisukuma. Wapi!

Fundi akasema, "Usiilazimishe kaka, utavunja kitu. Ibembeleze, mbele nyuma."

Tukabembeleza karibu saa nzima. Jasho, mbu, watoto wa jirani wanacheka.

Halafu… tik.

Pangaboi la feni likasogea. Upana wa kidole tu! Tukatazamana, hakuna aliyesema neno.

Jioni tukaishusha injini, yaani kuitoa kwenye gari, kwa cheni bloku, winchi ya mnyororo (hatukuifunga kwenye mwembe, una mchwa). Injini ilipopanda juu, chini yake kwenye chasisi tukakuta spana ya baba, namba 13. Aliitafuta sana ile, tukasingiziwa sisi watoto.

Nimeiweka mfukoni, sijaisafisha.

Mliowahi kufufua gari la wazee: nichonge silinda au nijaribu ringi mpya za pistoni kwanza?