Lumbesa na Luka 6:38

Luka 6:38 nimeisikia mara nyingi zaidi wakati wa sadaka kuliko wakati wa mahubiri. Vikapu vinaanza kupita, kiongozi wa ibada anapandisha sauti: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Wimbo unaanza, kila mtu anaingiza mkono mfukoni. Sina ugomvi na sadaka, natoa kama wengine. Ila mimi ni muuza viazi, na muuza viazi akisikia habari za kushindilia na kusukasuka, kichwani mwake linakuja gunia.

Nimezaliwa Njombe, biashara naifanyia Dar es Salaam. Viazi mviringo vinachimbwa kule juu kwenye baridi, vinapita Makambako, vinashuka na barabara kuu mpaka mjini. Kwa ambaye hajawahi kuona lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ikishonwa, mambo huwa hivi. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Vijana wa mnunuzi wanalinyanyua na kulidundisha chini ili viazi vikae, nafasi ikipatikana vinaongezwa vingine, linadundishwa tena. Halafu pale juu ya mdomo kinapangwa kiazi kimoja kimoja, kwa ustadi kabisa, kama fundi anayepandisha ukuta wa mviringo. Kipande cha neti kinafunika, shazia na kamba vinaingia kazini, na gunia linapata kichwa. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa niliyowahi kuipandisha kwenye mizani ilifika kilo mia na thelathini na kitu, na wenyeji wa pale waliniambia hiyo ni ya adabu.

Marehemu baba alikuwa anasimama pembeni, mikono nyuma, anatazama. Angesema nini? Mvua inakaribia, barabara ya kijijini ikilowa hakuna gari litakaloingia, na viazi vilivyokwisha kuchimbwa havingoji. Mnunuzi analijua hilo kuliko hata mkulima mwenyewe.

Sasa, kwenye ibada ya jumuiya yetu tulikuwa tunasoma Luka sura ya 6. Tulipofika ule mstari, kaka mmoja dereva wa lori akanigeukia: "Mama viazi, umesikia? Hata Yesu anasema kishindiliwe!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana kweli aliusema vizuri. Mzee wa kanisa hakucheka. Akauliza swali moja tu: "Anayeshindilia hapo ni nani?"

Tukarudi kusoma. Anayeshindilia ni mtoaji. Mwenye nafaka ndiye anayeikandamiza kwa mkono wake, anakitikisa kipimo ili kiingie zaidi, anaacha kimwagike juu, na faida yote inamwendea anayepokea. Mstari unamalizia na kifua, "ndicho watu watakachowapa vifuani mwenu," kwa sababu watu wa nchi ile walikuwa wakikunja vazi hapo mbele na kupokelea nafaka ndani yake, jinsi mama zetu wanavyobebea maharage kwenye upindo wa kanga. Kwenye lumbesa anayeshindilia ni mnunuzi, na anashindilia mali ya mwenzake. Vitendo ni vilevile vyote: kujaza, kudundisha, kuongeza. Mkono ndio umebadilika. Na mistari ya juu yake haina harufu ya kikapu cha sadaka hata kidogo. Yesu yuko kwenye kupenda adui, kukopesha usipotarajia kurudishiwa, kutohukumu. Nadhani tumeukata mstari huu kutoka kwa majirani zake kwa sababu ukiwa peke yake unachangisha vizuri.

Siku hiyo tulichelewa kumaliza. Mama mmoja akafungua Mambo ya Walawi 19, sura ambayo wengi tunaijua kwa mstari wa 18 tu, ule wa kumpenda jirani yako kama nafsi yako. Shuka chini kidogo, mstari wa 35 na 36, unakuta mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki. Efa ilikuwa lita 22 hivi, yaani imelipita debe letu kidogo tu. Kwa hiyo upendo wa jirani na debe vimekaa ukurasa mmoja. Mimi nilikuwa nimeusoma huo wa 18 tangu utoto bila kushuka mpaka sokoni.

Na sababu inayotolewa pale ndiyo iliyonikamata. Mungu hasemi vipimo viwe vya haki ili biashara istawi. Anasema mimi ndimi niliyewatoa Misri. Ukisoma Kutoka sura ya 5 unaelewa: Farao aliwanyima majani makavu ya kufyatulia matofali, wakayatafute wenyewe, lakini hesabu ya matofali ya kila siku ikabaki ileile. Hiyo ni lumbesa. Hesabu ni ileile mdomoni, mzigo umeongezwa mgongoni. Watu waliopitia hilo ndio wanaoambiwa wasimfanyie mwingine.

Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuwa na mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo. Mawe ya namna hiyo wachimbuaji wa mambo ya kale wameyapata Yerusalemu na kwingineko katika Yuda, yamechongwa na kutiwa alama, shekeli moja ikiwa na gramu 11 na ushee. Wafanyabiashara wa nafaka wananielewa bila maelezo: lipo debe la kununulia, limegongwa kitako kikatokeza nje, na lipo la kuuzia, kitako kimebonyezwa ndani.

Kipaimara nilikariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, kitabu cha mafundisho ya imani cha mwaka 1529, kwa hofu ya fimbo. Amri ya saba, usiibe. Maelezo yake yanagusa wazi mali ya jirani inayopatikana kwa bidhaa au biashara ya hila, na katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huohuo Luther anaingia sokoni kabisa, anawaita wezi watu walioketi kwenye viti vyao kwa heshima zote. Hapo ni rahisi kusema "amina", kila mtu akimfikiria jirani yake wa kibanda cha pili. Kinachobana ni nusu ya pili ya yale maelezo: nimsaidie jirani yangu kuitunza na kuiongeza mali yake. Kuitunza. Mali ya mkulima ninayetaka kumnunulia kwa bei ya chini iwezekanavyo! Nusu hiyo sijaimaliza hadi leo.

Na wanaohubiri juu ya lumbesa kana kwamba ni tamaa tupu waje siku moja kupakia na sisi. Ushuru unatozwa kwa gunia. Nauli ya lori inahesabiwa kwa gunia. Ukibeba mzigo uleule katika magunia machache, umeokoa fedha kabla hujauza hata kiazi kimoja. Anayefunga kilo 100 anaingia sokoni akiwa amelipia zaidi kuliko mwenzake, na mchuuzi anayekuja kununua anatazama kichwa cha gunia kwanza, salamu baadaye.

Mimi nimeamua kununua kwa kilo. Nilidhani wakulima watafurahi. Mzee mmoja kule nyumbani aliizunguka mizani yangu, akaitazama juu na chini, akasema: "Kamwene, mwanangu. Hii nayo nani ameipima?" Swali la haki kabisa, mizani nayo inachezewa. Nikamwonyesha stika ya Wakala wa Vipimo, hakuridhika. Akaenda kuleta mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, akaupandisha. Iliposoma hamsini na chembe, ndipo akamwita mkewe alete viazi.

Dar ni hadithi nyingine. Wateja wangu kadhaa wamehamia kwa jirani, na siwalaumu, wana ada za shule za kulipa. Wanaorudi ni wale wanaouza kwa sado, kile kindoo kidogo cha kupimia, na kuhesabu mwishoni sado ngapi zimetoka kwa fedha ngapi. Faida yangu imekonda.

Kanisani nimeshaombwa nitoe ushuhuda wa hili jambo, nikakataa, kwa sababu najua ushuhuda unaotakiwa: nilimtii Mungu, akanirudishia mara tatu, sasa nina lori langu. Sina lori. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana na vipimo vilivyo sawasawa humpendeza, basi. Haikuongeza kwamba vitanipendeza na mimi nikifunga hesabu jioni. Afadhali Yohana Mbatizaji katika Luka 3: watoza ushuru walimwuliza wafanye nini, naye hakuwaambia waache kazi wala hakuwaahidi kupandishwa cheo. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa.

Mwezi ujao jumuiya inaanza Waraka wa Yakobo. Sura ya 5, mstari wa 4, unahusu ujira wa wavunaji uliozuiliwa na matajiri wao. Makuli wawili wanaonishushia mzigo ni wa jumuiya hiyohiyo, na tayari wameniuliza sura ya 5 tutaifikia lini.