Mayai Huvunwa, Samaki Huachwa

Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mazungumzo ya hapa Kigoma hayaachi kurudi kwenye swali moja: samaki waachwe vipi wazaliane bila mvuvi kulala njaa? Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye habari za Waheiltsuk, wenyeji wa pwani ya British Columbia nchini Kanada, ambao tangu enzi za mababu zao huvuna mayai ya samaki bila kumuua samaki mwenyewe.

Samaki wao ni heringi, ndugu wa mbali wa dagaa na lumbu wetu. Baridi inapopungua, mwezi Machi na Aprili, heringi husogea kwenye maji ya kina kifupi kutaga, na mayai yao hunata kama ulimbo. Wenyeji huzamisha matawi ya mti wa hemloki, au hutundika majani mapana ya mwani mkubwa uitwao kelpi, wakasubiri mayai yajipange tabaka juu ya tabaka. Wanapovuna, samaki hubaki hai, na kwa kuwa heringi hutaga mwaka hadi mwaka, aliyetaga leo aweza kurudi mwakani. Uvuvi wa kibiashara ulioshamiri huko kuanzia miaka ya 1970 hufanya kinyume: humvua jike kabla hajataga na kumpasua ili mfuko wa mayai upelekwe soko la Japani.

Cha kushangaza, waliopelekwa mahakamani ni wale wa kelpi. Mwaka 1988 ndugu wawili, Donald na William Gladstone, walikamatwa wakitaka kuuza mayai hayo bila leseni iliyotakiwa, na shauri lao likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo mwaka 1996 ilikubali kwamba biashara hiyo ilikuwa nguzo ya maisha ya Waheiltsuk hata kabla ya Wazungu kufika. Mwaka 2015 Waheiltsuk waliingia ofisi ya idara ya uvuvi na kugoma kutoka, wakipinga kufunguliwa kwa uvuvi wa nyavu wakati, kwa maoni yao, heringi walikuwa bado hawajaongezeka vya kutosha.

Sisemi tuzamishe matawi ya miembe pale Ujiji. Dagaa hutaga kwenye maji ya wazi na mayai yake huanguliwa yakiwa yanazama, kwa hiyo hakuna cha kuvuna. Ufukweni mambo ni mengine. Kuhe hutaga chini, akakaa kulinda mayai na vifaranga, na wapo samaki wengine wanaoatamia mdomoni. Kokoro, yaani wavu wa kuburuta, ambalo sheria imelikataza, likiburutwa kuelekea nchi kavu huzoa mzazi na uzao wake kwa mkupuo mmoja. Mwenye kipe, yaani chombo chenye wavu wa kuinua, anayevua dagaa kilindini kwa taa, usiku usio na mbalamwezi, hagusi mazalia hayo.

Ndiyo maana naona tarehe zilizowekwa kwa ziwa zima hazitoshi peke yake. Ningependa vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali za ufukweni, vya Kibirizi, Katonga na Ujiji viketi na wavuvi wazee, waainishe ghuba ambazo kuhe hutagia, kisha ghuba hizo zibaki zimefungwa hata baada ya Agosti, chini ya ulinzi wa watu wanaoishi kando yake.